Bwana Lakini Anaaga Dawati la Malalamiko

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kufunga ofisi, mkuu wa dawati letu la malalamiko atakabidhi funguo na kwenda nyumbani, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuitumikia ofisi hii ya maji. Mhariri wa jarida amenipa nafasi nimwandikie wasifu. Mwenyewe alipopata habari alisema nafasi yenyewe ni ndogo, kisha akasema herufi za jarida hili ni ndogo kuliko nafasi, kisha akauliza ni nani atakayelisoma bila miwani. Kwa hiyo, msomaji, ukiona maandishi ya mwezi huu yamenenepa kidogo, usishangae. Ni yeye.

Humu ndani tunamwita Bwana Lakini, kwa sababu neno hilo humtoka kabla ya salamu. Ukimwambia kumekucha, atakubali kwamba kumekucha, lakini jua limechelewa. Hata mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza mwenye subira ya kazi hiyo, akipiga simu mapokezi huuliza, "Lakini wangu yupo?" Na mapokezi hawajawahi kumpa mtu mwingine.

Inasemekana alizaliwa hivyo. Mama yake mzazi alitusimulia kwamba mwanawe alipokuwa mchanga hakulia kwa njaa kama watoto wa wenzake. Alilia kwa namna alivyofunikwa. Alipokua akaenda kuposa, alikalishwa sebuleni kwa baba mkwe, ambaye alikuwa seremala, na kabla washenga hawajafungua kinywa yeye akasema kiti kinayumba. Washenga walitamani ardhi iwameze. Baba mkwe aliinama, akakitikisa kiti, akaona kweli mguu mmoja umeachia, akaenda kuleta nyundo. Posa ilisimama mpaka kiti kikapona. Wageni walipoondoka, seremala alimwambia binti yake, "Huyu mchukue. Nyumba yake haitavuja."

Bahati mbaya mabosi si maseremala. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kupiga chapa. Alipopewa tangazo la kuwaarifu wateja kwamba maji yatakatika, alilichapa vizuri, kisha akalirudisha kwa bosi na kusema, "Lakini tangazo hili limeomba radhi kuanzia juu mpaka chini na halijasema maji yatarudi lini." Bosi alisoma, akaona kweli, akaona na haya. Basi badala ya kubadilisha tangazo akabadilisha mpiga chapa.

Akapelekwa stoo. Huko akasema mlango umeelekezwa upande inakotoka mvua. Kwa kuwa jengo haligeuzwi, akageuzwa yeye, akapandishwa kwenye boza la maji kuwa utingo. Dereva wa boza, mtu mpole ambaye hajawahi kumpigia honi hata ng'ombe, alivumilia alivyoweza. Siku moja akasimamisha gari katikati ya safari, akamfungulia mlango, akamwambia kwa upendo, "Ndugu yangu, shuka. Nadhani miguu yako ina nguvu kuliko masikio yangu."

Hapo ndipo alipofanywa msoma mita, na wakubwa wakapumua, maana mita haina masikio. Walisahau kwamba nyuma ya kila mita kuna nyumba. Alirudi jioni akiwa amesoma mita chache mno, lakini amebeba shida za mtaa mzima. Nyumba yenye geti la kijani bomba linavuja chini ya ngazi, jirani yake maji yanatoka na kutu, na mbwa wa nyumba ya kona amefungwa mahali pasipo kivuli. Hilo la mbwa halikuihusu ofisi ya maji, lakini alilifuatilia kwa mwenye nyumba mpaka mnyama akajengewa kibanda. Mbwa yule aliendelea kuwafukuza wasoma mita wote isipokuwa yeye.

Leo tunacheka. Wakati ule yeye hakucheka. Wenzake walioajiriwa pamoja naye walikuwa wameshapata vyeo na meza zenye droo, naye anatembea juani na kalamu sikioni. Jioni moja alikaa jikoni, mkewe akiwa anasahihisha kazi za watoto wa shule, akamwambia, "Mama watoto, nadhani mimi sikuumbiwa kazi. Kila ninapowekwa, nawaudhi watu."

Mkewe hakuinua kichwa. "Kasoro kila mtu anaziona, mume wangu. Wewe unazisema. Hujawekwa tu mahali wanapotaka kuambiwa."

Yeye anasema hakumwamini. Alidhani mkewe anambembeleza kama anavyowabembeleza wale wa darasa la kwanza.

Kisha ikaja semina. Ofisi ilikuwa imemwalika mkufunzi kutoka mbali, mtu nadhifu mwenye viatu vya kujitazamia, aje atufundishe kugundua vipaji vyetu vya asili ili tupande ngazi kazini. Mimi nilikuwa karani mpya wa masijala, nimeajiriwa juzijuzi, na nilikaa mbele kwa heshima. Mkufunzi akataka kila mtu asimame ataje jambo analoliweza bila kufundishwa. Mhasibu akataja hesabu. Fundi mkuu akainua mikono yake miwili, akaketi. Zamu ya Bwana Lakini ilipofika, alisimama akasema, "Lakini mkufunzi, umetukalisha tunatazama dirisha. Jua linatupiga machoni. Hatuoni ulichoandika ubaoni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu tangu asubuhi tulikuwa tunanakili vitu tusivyoviona. Mkufunzi hakucheka. "Bwana," alisema, "umeulizwa kipaji, umetuonyesha udhaifu. Uache huo, utafika mbali."

Bosi, aliyekuwa amekaa nyuma, akaongezea lake. "Na usipouacha utafika mbali zaidi, maana utakuwa nje ya geti. Nikisikia lalamiko moja tena kutoka kwako, tutaagana." Bosi hakuwa anatania. Alilisema mbele ya wafanyakazi wote, na mtu mzima akishaapa mbele za watu hurudi nyuma kwa taabu. Baada ya mapumziko ya chai tuliukuta ubao umehamishiwa ukuta wa pili, wenye kivuli.

Bwana Lakini alikuwa na watoto watatu shuleni na mama mzazi wa kumtunza. Akaamua kunyamaza.

Jamani, aliyekuwepo hatazisahau siku zile. Ungemsalimu, angejibu, "Salama kabisa," halafu angeondoka upesi kabla ulimi haujamsaliti. Nyumbani kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alikula chakula cha jioni, akasema kimepikwa vizuri sana, na binti yake wa kwanza akaja kumgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Na ofisi nayo ikaanza kuugua. Chai ilianza kuja ya baridi, tukainywa. Bati moja likaachia juu ya masijala, mvua ikawa inadondokea pale pale nilipokaa, nami, kwa kuwa mgeni, nikadhani ndivyo masijala zilivyo, nikawa nakaa kazini na mwavuli. Bwana Lakini alipita, akaliona tone, akaniona mimi na mwavuli wangu, akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino, akaendelea na safari yake. Mlango mkuu wa mapokezi nao ukaanza kukwama, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Tulipita kiubavuubavu kama kaa.

Ndipo likaja lile jambo la mtaa wa juu.

Wakazi wa mtaa ule, ulioko mlimani, walikuwa wameingia wiki ya tatu bila maji. Walikuwa wamefika kwetu mmojammoja, kila mmoja akaambiwa avumilie, mafundi wako kazini. Na kweli mafundi walikuwa kazini, wakichimba kutwa kucha karibu na tangi bila kuona kitu. Asubuhi moja uvumilivu ukaisha kwa wote siku moja. Tulisikia kwanza mlio, tukadhani ni mvua ya mawe. Kumbe ni ndoo, madumu na masufuria yanapigwa. Uwanja wetu ukajaa. Mbele yao alitangulia mwanamke mnene anayeishi kwa kufulia watu nguo, amebeba begani furushi la mashuka machafu ya wateja wake, kama bendera ya vita.

Bosi alitoka barazani, akavuta pumzi, akaanza, "Ndugu wateja wetu tunaowathamini…"

Ndoo tupu ikaruka, ikampita sikioni, ikatua kwenye kibao chetu cha "Karibuni". Bosi akarudi ndani kwa kasi ambayo hatukujua kwamba anayo, akausukuma mlango aufunge. Mlango, kama nilivyosema, ulikuwa umekwama. Mlinzi wetu alikuwa ameshaikumbatia nguzo ya baraza na kufumba macho. Watu wakaanza kupanda ngazi.

Bwana Lakini alikuwa amesimama pale mlangoni, mkono wake umeziba mdomo wake mwenyewe. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Alimtazama bosi, aliyechuchumaa nyuma ya kaunta. Aliwatazama watu. Kisha mkono ukashuka.

"Lakini nyinyi nao!" akapaza sauti. "Kulalamika gani huku? Hamjui kulalamika!"

Kelele zikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mama mfua nguo akaweka furushi chini. "Umesemaje wewe?"

"Nasema mnaharibu lalamiko zuri, mama yangu! Wiki tatu bila maji, lalamiko kama hilo hata mimi sijawahi kulipata, na ninyi mnalimaliza kwa kupiga masufuria! Nani amesikia kitu? Haya, wewe unakaa wapi?"

"Mtaa wa juu, si tumekwambia!"

"Mtaa wa juu ni mrefu. Upande gani? Kabla ya duka la mbao au baada ya duka la mbao? Na jirani yako wa chini, anapata?"

Mama mfua nguo akafikiri kidogo. Mwenye kibanda cha vocha akadakia kwamba yeye yuko kabla ya duka la mbao na matone anayapata. Mwingine akasema huyo mwongo, matone hayo yako kwa shemeji yake tu. Wakaanza kubishana, na Bwana Lakini, uso umemchangamka kama mtu aliyefunguliwa kamba, akashuka ngazi. Akachora barabara ya mtaa wa juu kwa kisigino mchangani. Akaamuru kila asiye na maji aweke ndoo yake mahali ilipo nyumba yake, na kila anayepata, hata tone, aweke kiatu.

Basi watu wazima wale, waliokuja kutupiga, wakawa wanazunguka uwanjani wakipanga ndoo na viatu na kusahihishana. "Sogeza, hapo ni kwangu." "Kwako ni kule, penye mwinamo." Kwa kweli ulikuwa mtaa kamili. Kulikuwa hata na ugomvi wa mpaka.

Fundi mkuu alisikia masufuria yameacha kupigwa, akachungulia dirishani, akatoka. Aliutazama uwanja kwa muda. Viatu vilipanda vizuri mpaka pale ambapo, kule mtaani kwenyewe, mtu mmoja alikuwa anachimba msingi wa jengo jipya. Kuanzia hapo kwenda juu zilikuwa ndoo tupu. Fundi akajipiga kofi pajani. "Pale pana koki kuu ya mtaa mzima, chini ya kifuniko! Mimi ninachimba kule kwenye tangi kwa sababu niliambiwa tu maji hakuna. Hakuna aliyeniambia hakuna kuanzia wapi!"

Tulikwenda wote, wenye mtaa, mafundi na makarani. Mimi nilikuwa bado nimeshika mwavuli. Kifuniko kilikuwa chini ya rundo la kifusi. Wajenzi walikuwa wameifunga koki ili mtaro wao usijae maji, kisha wakamwaga kifusi juu yake, kisha wakasahau. Fundi mkuu akaizungusha. Bomba la nyumba ya jirani likakohoa, likatema matope, likakohoa tena, halafu yakatoka maji meupe yenye kelele. Mama mfua nguo hakusubiri kufika kwake. Alifungua furushi pale pale barabarani, akaazima sabuni, akaanza.

Bosi alifika nyuma ya wote. Mama yule akamtazama, povu likiwa mpaka viwikoni. "Huyu bwana mlikuwa mmemficha wapi? Mimi kila nikija napewa mtu wa kuniambia nivumilie."

Mchana huo Bwana Lakini aliitwa ofisini kwa bosi. Sisi tulijibanza nje ya dirisha, na yeye aliingia ameshaaga wenzake kwa mikono, maana onyo alikuwa amelisikia sawasawa. Bosi alimkalisha.

"Sema," akasema bosi.

"Sina la kusema bosi. Nina watoto shuleni."

"Tangu umeingia unaangalia juu. Sema."

Bwana Lakini akanyoosha kidole juu. "Lakini… hiyo feni yako itakuangukia."

Bosi akatazama juu, akasogeza kiti chake taratibu mpaka ukutani. "Kingine?" akasema. Walikaa ndani mpaka jua likapoa. Kesho yake bati la masijala likapigwa misumari, mlango mkuu ukatiwa mafuta, na karibu na mapokezi ikawekwa meza mpya yenye kibao: Malalamiko. Lalamiko la kwanza kupokelewa kwenye dawati lile lilikuwa la mwenye dawati. Alisema meza ni ndefu, mteja akikaa haonekani. Ikakatwa miguu.

Hivyo ndivyo alivyoanza kupanda, msoma mita wa jana. Alikuwa ofisa, akawa msimamizi, akawa mkuu wa kitengo chenye watu tisa. Ofisi nyingine zilileta watu wao waje wajifunze kwetu. Aliwafundisha jambo ambalo kwake lilikuwa rahisi kama kupumua, yaani kumsikiliza mtu aliyekasirika bila kuudhika naye. Hakuweza kuudhika. Mtu akiingia anafoka, macho ya Bwana Lakini yaling'aa kama ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

Wafanyakazi wapya aliwashangaza. Hakuwauliza wanaweza nini. Aliwauliza, "Watu wanakugombeza kwa lipi?" Aliamini kipaji cha mtu hukaa jirani na lile analogombezwa. Mlinzi wetu mkumbatia nguzo aligombezwa kwa woga, anaona hatari hata kwenye ganda la ndizi. Bwana Lakini akamwombea ahamishiwe kwenye mitaro ya mabomba, aweke vizuizi na vibao vya tahadhari, na tangu hapo hakuna mpita njia aliyetumbukia kwenye mtaro wetu. Ni kweli kanuni hiyo ina mipaka. Kijana mmoja alisema yeye hugombezwa kwa kuchelewa. Bwana Lakini akamtazama sana, akamwambia, "Hicho si kipaji. Nunua saa."

Mimi nilihamia dawatini kwake nikiwa nimeshakata tamaa ya kazi za watu, maana mimi si msemaji. Wiki ya kwanza aliniita. "Dada, wewe unaniudhi," alisema. "Mteja anakuja, unamtazama tu. Huongei." Nikaanza kutafuta leso. "Lakini," akaendelea, "nimekaa nikaangalia. Wakikaa mbele yako wanasema yote mpaka yale waliyokuwa wanaficha. Mimi huwakatiza. Wewe kaa hivyo hivyo, usijifunze kusema." Sikujifunza. Jumatatu ijayo ndimi nitakayekaa kwenye kiti chake, na natetemeka, lakini natetemeka kimyakimya.

Wiki iliyopita aliingia mzee mmoja, fundi cherehani wa zamani anayeishi peke yake karibu na soko. Tunamfahamu, amekuwa akija kila mara kwa miaka, leo bomba linapiga kelele, kesho maji yana ladha ya kijiko. Bwana Lakini alikuwa akikusanya vitu vyake kwenye boksi. Akaliweka kando, akamvutia mzee kiti.

"Haya mzee wangu, bomba limefanya nini leo?"

"Bomba ni zima. Maji yanatoka vizuri, na ladha sina ugomvi nayo."

"Sasa shida nini?"

"Nasikia unaondoka," mzee akasema. "Nimekuja kulalamika."

Dawati zima lilingoja lile neno la Bwana Lakini, na halikuja. Alimshika mzee mkono, wakatoka wawili hao polepole hadi kwenye benchi la nje, wakaketi. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, na alisema ni vumbi. Wala hakumlalamikia mfagiaji.

Mzee wetu, ulitusumbua ukatunyoosha. Kwa kila bomba lililozibuka na kila kiburi kilichoshuka, pokea asante ya wenzako wote, kuanzia getini hadi ofisi ya juu. Kwa mwalimu wako aliyetuazima wewe kwa miaka yote hii, tunakurudisha ukiwa mzima, na tunamwomba radhi mapema. Umri uende nawe taratibu, magoti yakutii, wajukuu wakusikilize, na kila uendako ukute kivuli na maji ya kutosha. Ishi kwa heri, Bwana Lakini.